Barbara Bush na Familia ya Simpson

Shikamooni wakubwa zangu, nanyi wadogo zangu hamjambo. Ninawarekodia kutoka Houston, mji ambao Barbara Bush aliishi baada ya mumewe, Rais George H. W. Bush, kuondoka Ikulu ya Marekani mwaka 1993, na leo ninataka kuwasimulia jinsi mama huyu alivyoingia katika The Simpsons, kipindi cha vibonzo cha televisheni ya Marekani.

Mwanzo wake ni ulimi, ambao wazee walisema hauna mfupa. Mwaka 1990, kipindi hicho kikiwa hakijatimiza hata mwaka mmoja, aliliambia jarida la People kwamba hajapata kuona upuuzi wa namna ile. Waandishi wa kipindi walimjibu kwa barua ya adabu iliyotiwa saini ya Marge, mama wa familia hiyo ya kuchorwa, ambaye alieleza kwamba siku zote aliamini wao wawili wanafanana, kwa kuwa kila mmoja anaishi akimtumikia mume wa kipekee. Mke wa Rais angeweza kuitupa barua ile. Badala yake aliketi akamwandikia Marge, akakiri kwamba alikosea, akaomba asamehewe kwa ulimi wake, na mwishoni akamsifu Homer, mume wa Marge, kwa utanashati. Mimi ninaiheshimu sana barua hiyo, kwa sababu mwenye cheo kumwomba radhi mtu wa kuchorwa si jambo dogo.

Mwaka 1991 Barbara alionekana katika kipindi hicho kwa muda mfupi tu, familia hiyo ilipotembelea Ikulu na kumfumania akiwa ndani ya beseni la kuogea. Januari 1992 mumewe alikitaja kipindi hicho hadharani kama mfano usiofaa kuigwa na familia za Kimarekani, na majibu yakaja kamili Januari 1996, katika sehemu moja ya kipindi ambamo Bush na mkewe wanahamia nyumba inayotazamana na ya Homer. Bush anamchapa makalioni Bart, mtoto wa Homer, ugomvi unawaka kati ya wanaume hao wawili, hata Gorbachev, aliyekuwa kiongozi wa Umoja wa Kisovieti, anapofika na zawadi ya mtambo wa kahawa anawakuta katikati ya fujo.

Hapo ndipo Barbara anapomtaka mumewe aombe radhi mbele ya mgeni, naye Bush, kwa shingo upande, anamwambia Homer samahani. Kila ninapoitazama sehemu hiyo, ninaikumbuka barua ile ya mwaka 1990.