Meneja ni abiria au mzigo?

SEKELA: Karibuni tena, wapendwa. Mbeya kwa baridi hii, kama uko kitandani usitoke, tusikilize hukohuko. Gwakisa, begani umemwagikiwa uji?

GWAKISA: Udenda. Meneja kaniaga.

SEKELA: Wageni wetu, Meneja ndiye yule mbwa wa Gwakisa, aina ya Boerboel, aliyekula malapa ya mwenye nyumba. Haya, leo tuna mambo matano ya kumfuga mbwa mkubwa nyumbani. La kwanza...

GWAKISA: Ngoja kwanza. Jumanne nimempeleka chanjo ya kichaa. Nasimamisha bajaji hapo Uyole, dereva anamtazama, anazima injini. "Kaka, huyu ni abiria au mzigo?"

SEKELA: Swali la msingi.

GWAKISA: Nikasema abiria. "Basi lipa watatu, kiti chote kakimaliza." Haya, mzigo. Akamzunguka, akasema, "Mzigo gani huu? Hii lumbesa!"

SEKELA: (anacheka) Na lumbesa marufuku!

GWAKISA: Ndivyo nilivyomwambia. Akanijibu, "Basi mpunguze kidogo juu."

SEKELA: Apunguzwe nini, masikio?

GWAKISA: Nikalipa watatu. Mimi nikakaa mbele na dereva, tako moja nje. Sasa kwa daktari wa mifugo, Meneja kapanda mizani, miguu ya nyuma iko chini. Tukavuka barabara kwa mama wa viazi. Kilo 68.

SEKELA: Mama wa viazi alisemaje?

GWAKISA: Aliuliza bei ya shamba. Na bado anakua, dada. Hawa mpaka mwaka na nusu, miwili, mifupa inaendelea kukomaa.

SEKELA: Kumbe gunia halijashonwa!

GWAKISA: Halijashonwa! Turudi kwa dereva. Ilomba kasimama kuweka mafuta, Meneja katoa kichwa, anamlamba shingo. Jamaa kaanza kumkuna masikio, wamekuwa marafiki.

SEKELA: Hapo ndipo unaponipoteza. Dereva humjui, hakujui, anamkuna mlinzi wako masikio?

GWAKISA: Nilikuwepo, kamba nimeshika.

SEKELA: Mwizi naye ana vidole. Baba yangu Tukuyu alikuwa na mbwa wa kienyeji, mchana bandani, usiku anafunguliwa, haguswi na mtu zaidi ya baba. Ua ule haukurukwa.

GWAKISA: Yule ukimkosea anakung'ata mguu, unaenda kuchomwa sindano. Huyu akikosea tunazungumza msiba. Nina binti wa miaka minne, wenzake wanashinda pale. Mbwa aliyefungiwa bandani kila mtu kwake ni adui, na mtoto anayepiga kelele akikimbia pia ni adui.

SEKELA: Basi usifuge mkubwa kiasi hicho kwenye nyumba ya watoto.

GWAKISA: Afrika Kusini wamefugwa mashambani, wanakaa na familia hizohizo! Lazima azoee ya kawaida ndipo ashtuke kwa yasiyo ya kawaida. Saa nane za usiku mtu juu ya ukuta, hiyo ni kawaida?

SEKELA: Akija na mfupa, ndiyo.

GWAKISA: Sekela!

SEKELA: Nakwambia, mbwa wa kila mtu si mlinzi. Hapo hunisogezi.

GWAKISA: Na mimi sisogei. Njoo nyumbani usiku bila kupiga simu, uone.

SEKELA: Nije niliwe ili ushinde hoja?

GWAKISA: Utakuja?

SEKELA: Siji. Lakini siji kwa sababu ya baridi.

(Mlango unagongwa.)

SEKELA: Kwaya hao, zamu yao ya studio. Mambo matano hata moja hatujasema!

GWAKISA: La tumbo tu, linaua. Usimpe sinia zima mara moja kisha akakimbie. Hawa wenye kifua kirefu tumbo linajaa gesi, linajipinda. Ukiona limevimba, anajaribu kutapika na hakitoki kitu, usingoje asubuhi, ni saa chache tu. Mgawie mara mbili kwa siku, na baada ya kula atulie. Halafu akiwa mdogo usimwongezee vidonge vya kalsiamu kwa kuwa ni mkubwa, vinaharibu...

SEKELA: Wanaingia na kinanda, Gwakisa.

GWAKISA: ...vinaharibu mifupa! Muulizeni daktari!

SEKELA: Wiki ijayo, wapendwa. Toa begi lako kwenye kiti cha watu.