Julai si Mwezi Mfu wa Kamera

Asalam aleikum. Karibuni, na nyinyi mliokaa kwenye ngazi kule nyuma sogeeni mbele, viti vipo. Nimeambiwa nina saa moja, nitajaribu, ila wanaonijua wameshacheka.

Mada niliyopewa ni mwezi mmoja wa baridi na kamera, picha za ndani na za nje. Sasa hii mada asili yake ni ya wenzetu wa Ulaya na Marekani. Huko Januari ikiingia wapigapicha wana mchezo wao, mwezi mzima kila siku picha, leo theluji barabarani, kesho bakuli la supu latoa moshi jikoni, keshokutwa paka amekaa dirishani, yani chochote kilichopo. Mchezo mzuri tu. Lakini ukiuchukua vile ulivyo ukauleta Lamu mwezi wa Januari umekwama, manake Januari kwetu ni kaskazi, jua la utosini, wageni wamejaa. Baridi yetu sisi ni kipupwe, Juni mpaka Agosti, na baridi yenyewe usiku ni digrii 24 hivi, mtu wa Ulaya akisikia atacheka, lakini nenda uwanja wa Mkunguni, mbele ya ngome, alfajiri uwaone wazee na kahawa zao walivyojifunika.

Neno langu la leo ni moja. Vijana wengi hapa kusi, yani upepo wa kusini, likishakaza wanafunga kamera kabatini wanangoja Disemba. Mimi nasema Julai ndio mwezi bora wa picha Lamu, kuliko Disemba, kuliko Februari, na nitawaonyesha kwa nini, sio kwa maneno matamu bali kwa jua na maji.

Tuanze na jua. Lamu iko digrii 2 na kidogo kusini ya ikweta. Kuanzia katikati ya Machi mpaka karibu na mwisho wa Septemba jua la adhuhuri lapita upande wa kaskazini yetu, miezi iliyobaki lapita kusini. Sasa fikirieni vichochoro vyetu, vyembamba, kuta ndefu, jua laingia muda mchache tu wa mchana. Mlango unaoangalia kaskazini mwezi wa Disemba haupati jua la moja kwa moja hata kidogo, Julai wapata. Ile nakshi yote, yale maua na minyororo iliyochongwa ukingoni, yatoka nje na kivuli chake. Na mlango unaoangalia kusini ni kinyume chake, huo usubiri Disemba. Kwa hivo mtu akikwambia mlango fulani hautoki vizuri kwenye picha, muulize kwanza alienda mwezi gani. Mimi nimejiandikia mtaa kwa mtaa, Mkomani mpaka Langoni, mlango upi waangalia wapi, na hilo daftari siazimi mtu, pigeni miguu wenyewe.

Na msidhani Julai jua letu lalala kama la huko kwao. London mwezi wa Disemba jua la mchana halipandi zaidi ya digrii 15 hivi toka kwenye upeo, siku nzima ni mwanga wa jioni, ndio maana picha zao za winta zina vivuli virefu. Letu hata likiwa mbali kabisa nasi, mwisho wa Juni, laenda digrii 64. Bado kali. Kinachotuokoa ni mawingu ya kusi. Upepo watoka baharini umebeba unyevu, mawingu yapita, yafungua, yafunga, kinyunyu kidogo, jua tena. Wingu jembamba likipita juu ya mji ni kama mtu ametandaza shuka jeupe juu ya kiwanda, ule ua wa ndani ya nyumba, kivuli chalainika, uso wa mtu waonekana wote, macho na makunyanzi na kila kitu. Watu wanunua vifaa vya studio kwa pesa nyingi kutafuta mwanga huo, sisi watupitia bure.

Sasa ndani. Hapa nitakaa kidogo kwa sababu hapa ndio penye utajiri na ndio mnapopakimbia.

Nyumba ya mawe ya Lamu wajua ilivyo, unaingia dakani, baraza ya mlangoni, unapinda, unatokea kiwandani, alafu kutoka kiwandani ni msana wa tini, yani ukumbi wa kwanza, msana wa yuu, wa pili nyuma yake, kisha ndani kwenyewe. Vyumba virefu vyembamba, upana haupiti mita 3 hivi, kwa sababu dari imebebwa na boriti na boriti ya mkoko ina urefu wake, huwezi kuivuta. Na mwanga wote, wallahi wote, waingilia kiwandani. Hakuna madirisha ya barabarani. Kila ukizidi kwenda ndani mwanga wapungua hatua kwa hatua. Kwa mpigapicha hii ni nyumba iliyojengwa tayari kama studio, unachagua tu umuweke mtu wapi. Wataka uso uliong'aa, muweke msana wa tini akiangalia kiwanda. Wataka nusu uso kivulini, mgeuze ubavu. Wataka siri, mrudishe msana wa yuu, kamera iweke aiso, yani wepesi wake wa kushika mwanga, 1600 au 3200, fungua tundu la lenzi mpaka mwisho, kasi ya shata isishuke chini ya 1/60 ya sekunde kama mtu anafanya kazi ya mikono. Ndani kabisa utahitaji tripodi, au mwambie bibi atulie, na bibi wa Lamu akiambiwa atulie atulia kweli, ni wajukuu ndio tabu.

Alafu zimeni taa. Nawaambia kila mwaka. Ile balbu ya manjano kwa kipimo cha rangi ya mwanga iko kwenye Kelvini 2700 hivi, mwanga wa wingu kiwandani wapita 6500, ukichanganya uso mmoja upande ni chungwa upande ni buluu na hakuna programu itakayokutengenezea ukafurahi. Zima taa, ngoja dakika macho yazoee, utaona mwanga upo. Flashi iacheni nyumbani. Flashi ikipiga mbele ya zidaka, vile vishubaka vya chokaa ukutani, yafuta vivuli vyote, fundi wa chokaa amekesha miaka ile anachonga, wewe kwa sekunde moja umeifanya kazi yake kuwa karatasi.

Jambo lingine la ndani ni chokaa yenyewe, na hapa ndio nawarudishia wale wa theluji. Kamera haijui rangi, kipimo chake chataka kila kitu kiwe kijivu cha wastani. Ukiielekeza kwenye theluji yaona mwanga mwingi mno, yapunguza, theluji yatoka chafu. Kwa hivo wale wenzetu wana kanuni yao, kwenye theluji ongeza stopu moja, yani mwanga mara mbili, wakati mwingine moja na nusu. Sisi theluji hatuna lakini kuta za chokaa tunazo, na kanuni ni ile ile, ukuta mweupe ukijaza fremu ongeza stopu moja. Buibui nyeusi ikijaza fremu ni kinyume, kamera yazidisha, buibui yatoka majivu, punguza. Na buibui nyeusi mbele ya ukuta mweupe, ile picha kila mgeni aitaka? Pima uso. Uso ukiwa sawa, hayo mengine yajipange yenyewe.

Kuna dada ananiuliza hapa, "na kama sitaki kupiga nyumba za zamani?" Vizuri, usipige. Lamu imeingia orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2001 na tangu hapo nahisi tumepigwa picha kuta kuliko watu. Nenda karakana za wachonga mbao pwani. Mlango uko wazi upande mmoja, mwanga waingia ubavuni, vumbi la msasa na randa laelea hewani na laonekana kwa sababu nyuma kuna giza. Nenda kwa anayeshona kofia, tundu moja moja kwa sindano, hapo sogea karibu kabisa, vidole tu. Nenda jikoni saa kumi na moja alfajiri mahamri yakikaangwa, mvuke na moto, lakini lenzi usiiweke juu ya karai tafadhali. Ile supu yao ya Januari na mahamri yetu ya Julai kwa kamera ni picha moja, mvuke waonekana ukiwa na mwanga nyuma yake na giza nyuma ya huo mwanga.

Na msidhani picha za ndani zimeanza leo. Omar Said Bakor, aliyefariki 1993, alikuwa na studio yake hapa hapa Lamu, Bakor Studio, na alikuwa akikata picha na kubandika na kuunganisha mtu na kitu kingine kwa mikono, kabla hizi kompyuta hazijafika kisiwani. Wengi wenu nyumbani mna picha zake na hamjui. Kaulizeni, na mkizipata msizitoe kwenye albamu kwa nguvu, zachanika.

Haya, nje.

Kusi bahari imefungwa, au tuseme nusu imefungwa, nje ya mwamba mawimbi makubwa, vyombo vidogo vyabaki mkondoni. Nyangumi wenye nundu wapita pwani yetu kuanzia Julai wakitoka baharini kusini kabisa kwenye barafu, wenzetu wa Watamu huwafuata, mimi na kusi la Julai na mashua sina ubishi, nawaachia. Samaki apungua, bei yapanda, mama nyumbani hana raha. Lakini kwa kamera ndio neema, kwa sababu vyombo vyapandishwa ufukweni. Huu ndio wakati wa kalafati, pamba iliyolowa mafuta yasindiliwa kwenye nafasi za mbao kwa patasi butu, kisha mafuta ya sifa, ya papa, harufu hiyo picha haitoi na ni bora hivyo. Wengine huchoma makuti chini ya chombo kuua wadudu wanaotoboa mbao, moshi na upepo wa kusi, simama upande upepo unakotoka, sio kwa ajili ya picha, kwa ajili ya macho yako.

Sasa sikilizeni hili la maji maana ndilo nililokuja nalo hasa. Bamvu, yani mwezi ukiandama na mwezi ukiwa mpevu, pwani yetu maji yakupwa karibu saa nne saa tano asubuhi, na yatoka kweli kweli, tofauti ya kujaa na kupwa ni mita 3 hivi. Ndio wakati vyombo vyalala ubavu na mafundi wako chini yake. Maji mafu, yani mwezi ukiwa nusu, kupwa kwaja jioni lakini hayaendi mbali. Maana yake nini? Maana yake kazi kubwa ya pwani haifanyiki ule wakati mzuri wa jua linapochomoza kisiwa cha Manda saa kumi na mbili na dakika ishirini hivi, wala magharibi, yafanyika saa nne, saa ile kila kitabu cha picha kinakwambia weka kamera chini. Januari ni kweli, saa nne Januari fundi chini ya jahazi ni kivuli cheusi kisicho na uso na nyuma yake mchanga umeungua mweupe. Julai, na wingu la kusi, saa nne hiyo hiyo wampata fundi, wampata na nyundo, wapata na mbao mistari yake yote. Hii ndio sababu nasema Julai. Kwa hivo usianze kwa kupanga leo milango kesho watu, anza na kalenda ya mwezi, weka alama siku za bamvu, hizo ni za Matondoni, kijiji cha mafundi wa vyombo, na ufukweni, zilizobaki ni za ndani na vichochoroni, na mvua ikinyesha unageuza.

Usiku nitapita haraka. Siku za giza la mwezi kabla ya alfajiri tazameni kaskazini-mashariki juu ya Manda mwone Kilimia, kile kishada cha nyota, wazee walisema kikizama kwa jua huzuka kwa mvua. Lenzi pana, tripodi yenye uzito uliofungiwa chini kwa sababu ya upepo, sekunde 15 mpaka 20, aiso 3200. Mawingu yakija, rudi ulale.

La ruhusa sitalizungusha. Uliza kwanza. Sheria ya Kulinda Data ya Kenya ya 2019 uso wa mtu yauhesabu ni taarifa yake, lakini hata sheria isingekuwepo, huyu ni shangazi yako. Mama akiinua mkono teremsha kamera, usichukue moja ya haraka haraka. Na shughuli za kupamba bibi harusi ni za wapigapicha wa kike, na kwa maoni yangu wao ndio wenye picha bora za ndani mji huu ijapokuwa hatutaziona kamwe, na ni sawa.

Ndio, swali? Kuvu kwenye lenzi. Haya. Kusi laleta chumvi na unyevu, kwa hivo ukirudi futa mwili wa kamera kwa kitambaa kilicholowa maji matamu kidogo, kisha kikavu. Kijijini Shela usibadilishe lenzi ufukweni, mchanga watembea. Ukilala chumba chenye eisii, kiyoyozi, usitoke na kamera moja kwa moja, yatoa jasho, iache kwenye mfuko mpaka ishike joto la nje. Kabati lililofungwa Juni mpaka Septemba ndilo linalozaa kuvu, lenzi yataka itumike, yataka mwanga na hewa. Vile vipakiti vya kunyonya unyevu vya kwenye masanduku ya viatu viwekeni kwenye mfuko, na mchele wanaoutumia badala yake uacheni upikwe, una vumbi.

Wanaotaka kuja Matondoni waandike majina kwa dada pale mlangoni, twaondoka bamvu lijalo baada ya kifungua kinywa, leteni betri ya pili na kofia yenye kamba.