Mjomba, Kangaga na Bafu Moja

OTIENO: Karibuni tena. Leo dada Nekesa ameingia na uso wa matanga, kwa hivyo tutaanzia hapo.

NEKESA: Usicheke. Kangaga langu, ule mmea wangu wa ndani, limekufa. Ama linakufa, sijui.

OTIENO: Lile la majani madogo madogo, vijiti vyeusi?

NEKESA: Vyeusi kama nywele. Jumatatu nilienda Eldoret, nikarudi Alhamisi. Ukiligusa linavunjikavunjika kama majani ya chai.

OTIENO: Na nyumba ulimwachia nani?

NEKESA: Mjomba.

OTIENO: Yule tuliyewahi kumsema hapa?

NEKESA: Yule yule. Mnajua nililihamishia bafuni, kwa sababu kule kuna mvuke na dirisha la kioo chenye ukungu. Linataka mwanga, lakini si jua lenyewe. Basi mjomba ananiambia, "Mimi nalala kwa kiti, mmea umepewa chumba."

OTIENO: Ana hoja.

NEKESA: Ngoja. Akitaka kuoga analitoa kwanza, analiweka kwa balkoni. Ati hawezi kuvua nguo mbele ya kitu kinachopumua.

OTIENO: (anacheka) Aki mzee!

NEKESA: Halafu analisahau huko! Balkoni ya Nakuru, saa sita, jua na upepo wa vumbi. Wanasema hata jina la huu mji Wamasai walilitoa kwa vumbi. Siku tatu, Otieno.

OTIENO: Sasa swali ni moja. Siku hizo tatu alioga mara ngapi?

NEKESA: Kwa hali ya lile kangaga, mara moja.

OTIENO: Kwa hivyo likitoka nje tena, tutajua mjomba ameoga tena.

NEKESA: Tuache mjomba.

OTIENO: Hatuwezi, kipindi ni chake leo. Lakini si ungemwambia alinyunyizie maji tu asubuhi?

NEKESA: Hapo ndipo watu hukosea. Jina lake la kisayansi, Adiantum, limetoka kwa Kigiriki, maana yake kitu kisicholowa. Ukimwagia maji jani lake, matone yanateleza yanaanguka. Kinachotakiwa ni hewa yenye unyevu na udongo usiokauka hata siku moja. Sisemi utote, kwa sababu likisimama kwa maji mizizi inaoza. Halafu nililipanda kwa chungu cha udongo, na chungu kinakunywa maji pia. Hilo kosa ni langu. Plastiki ingekuwa afadhali.

OTIENO: Kwa hivyo si mjomba peke yake.

NEKESA: Asilimia tisini mjomba.

OTIENO: Mimi nitasema ukweli, na usinikasirikie. Kwenu maji yanakuja siku mbili kwa wiki. Unanunua mitungi. Halafu unampa maji mtu ambaye haliwi, hachumwi, hatoi hata ua.

NEKESA: Kangaga halitoi maua, ndiyo. Linazaa kwa chembe ndogo kama vumbi, zilizo chini ya ukingo wa jani. Na ninalipa maji ya kusuuzia mchele, kikombe kimoja.

OTIENO: Shida si kikombe. Hii kitu ni ya kando ya mto. Huko kwenu Kakamega, msituni karibu na Isiukhu, kuna nani anayeibembeleza? Hapa unailazimisha.

NEKESA: Na wewe ulizaliwa Kisumu. Ulikuja hapa ukivaa sweta tatu mwezi wa saba. Nani alikurudisha ziwani?

OTIENO: Mimi nilikuja kwa miguu yangu.

NEKESA: ...

OTIENO: Umenyamaza.

NEKESA: Nimenyamaza kwa sababu ni jibu la kijinga, si kwa sababu umeshinda. Hata mahindi hayakuja hapa kwa miguu.

OTIENO: Mahindi tunakula.

NEKESA: Kwani kila kitu lazima kiliwe?

OTIENO: Wakati maji ni ya mtungi, ndiyo.

NEKESA: Hapana.

OTIENO: Basi hapana.

NEKESA: Sawa. Nimelinyoa upara jana. Nimekata majani yote hadi kwa udongo, maana shina lake linatambaa humo ndani na linaweza kuwa bado hai. Udongo nimeuweka unyevu. Baada ya wiki kadhaa likitoa vichwa vilivyojikunja, nitakuletea picha.

OTIENO: Sitaangalia.

NEKESA: Utaangalia. Haya, nilikuwa nimeandika mambo matano ya kufundisha watu. La kwanza ni chungu, tumeligusa. La pili, sahani ya kokoto na maji chini ya—

OTIENO: Tuna dakika mbili. Na simu yako inalia.

NEKESA: Ni mjomba. Ngoja niweke spika. Hujambo, mjomba?... Ndiyo... Ndiyo, bado liko bafuni... Hapana, halina majani, nimelikata... Anauliza kama sasa halioni.

OTIENO: Mwambie aoge!