Mashine pepe kwenye sinia moja

Mhadhara uliotolewa Lamu mbele ya mafundi wa kompyuta, walimu na wazee wa mtaa

Assalaam aleikum. Wakubwa, shikamoni. Nimeambiwa nisivuke nusu saa kwa sababu wengine wanawahi mashua ya Shela, basi sitazunguka sana. Mada ni moja: kuwekea mashine pepe kadhaa mpaka mmoja wa pamoja.

Kabla sijataja kompyuta, kumbukeni harusi ya mwisho mliyokula. Pilau haikuja kwenye sahani, ilikuja kwenye sinia, mkakaa watu watano au sita kulizunguka. Hakuna aliyempimia mwenziwe matonge. Aliyekuwa hana njaa alikula kidogo, wenziwe wakafaidi. Lakini sinia lenu lilipokwisha, hakuna aliyenyosha mkono kwenye sinia la jirani. Mwenye harusi hakukadiria kila tumbo. Alikadiria masinia.

Sasa mashine pepe. Mnachukua seva moja ya chuma, mnaigawa ndani iwe kama kompyuta nyingi, kila moja ikiamini iko peke yake duniani. Kwenye mfumo endeshi wa Linux kazi hii hufanywa na KVM, iliyoingia kwenye kerneli, yaani kiini cha mfumo, mwaka 2007, ikishirikiana na QEMU, programu inayoiga kompyuta nzima. Jambo moja nataka mlishike: kwa ile seva ya chuma, tuiite mwenyeji, mashine pepe nzima, tuiite mgeni, ni programu tu, kama programu nyingine. Kila prosesa pepe ya mgeni ni uzi mmoja, yaani mkondo mmoja wa kazi, ndani ya programu hiyo. Na programu, Linux inajua kuifunga kamba.

Kamba yenyewe inaitwa cgroups. Ilianzia kwa wahandisi wa Google, Paul Menage na Rohit Seth, mwaka 2006, ikaingia kwenye kerneli toleo la 2.6.24 Januari 2008. Ile tunayotumia leo, toleo la pili, ilikuja na kerneli 4.5 mwaka 2016. Unaunda kikundi, unatia programu ndani, unaandika mipaka kwenye vifaili vidogo. Kikundi huweza kuzaa vikundi, na mtoto hawezi kula zaidi ya mzazi. Anayetumia libvirt, zana ya kusimamia mashine pepe, ataona wageni wake wote wamewekwa chini ya machine.slice. Hapo ndipo unapowagawa kwa masinia.

Kwa nini kikundi, si kila mashine na mpaka wake? Nitawapa mfano wa mahali nilipofanya kazi. Mteja mmoja alikuwa na mashine nne, kila moja na prosesa pepe mbili, na alilipia nguvu ya prosesa nne. Mwanzo tuliipa kila mashine mpaka wa prosesa moja. Usiku ile ya hesabu inahangaika kufunga vitabu, nyingine tatu zimelala fofofo na haki yao imelala nazo. Mteja akauliza, na alikuwa na haki: nimelipia nne, mbona napata moja? Tukaondoa mipaka ya mmoja mmoja, tukaweka ya wote kwa pamoja.

Kwa prosesa unaandika hivi kwenye cpu.max: 400000 100000. Maana yake, katika kila mikrosekunde laki moja, yaani milisekunde 100, kikundi kizima kinaruhusiwa kutumia milisekunde 400 za prosesa. Ni sawa na prosesa nne. Vizuri. Sasa mashine zote nne zikichachamaa pamoja? Nyuzi ni nane. Nane zikikimbia kwa pamoja, mgawo wa 400 unakwisha katika milisekunde 50. Milisekunde 50 zilizobaki wote wanasimama, kimya, hadi kipindi kipya kianze. Kukimbia hamsini, kusimama hamsini. Mtumiaji haoni kompyuta iliyopungua kasi, anaona kompyuta yenye kwikwi. Ukiingia ndani ya mgeni ukafungua top, programu inayoonyesha matumizi, utaona ile safu ya st, yaani muda aliokuwa akingoja prosesa ya mwenyeji, imepanda, na mwenye mashine atakwambia seva yako imezidiwa. Haikuzidiwa. Ni sinia lake limekwisha. Thibitisha kwa mwenyeji kwenye cpu.stat, palipoandikwa nr_throttled, yaani mara ngapi kikundi kimesimamishwa, kabla hujabishana naye.

Hayo ya prosesa ni mepesi, kwa sababu mtu hungoja akaendelea. Memori haina kungoja, na hapa ndipo nilipoungua mimi.

Mashine zile nne zilikuwa na memori hivi: tatu zilikuwa na gigabaiti 3 kila moja, na ya hesabu 7. Jumla 16. Mimi kwa akili yangu nikaandika kwenye memory.max ya kikundi: 16. Hesabu imekaa sawa, nikaenda kunywa kahawa. Siku ya kwanza salama. Wiki salama. Siku ya tisa, saa nne asubuhi, simu: mashine ya hesabu imezimika. Naiwasha, nasoma rekodi zake za matukio, hakuna kitu. Hakuna kosa, hakuna onyo, mistari inakatika katikati kama umeme uliokatwa.

Nilikosea wapi? Mgeni hapewi memori yake yote siku ya kwanza, hupewa kila anapoigusa, na akishaigusa harudishi kwa hiari yake. Kwa hiyo siku tisa walikuwa wanapanda taratibu. Halafu QEMU yenyewe nayo hula, juu ya kile anachokula mgeni, na mimi sikuihesabia hata tonge moja. Swopu, ile sehemu ya diski inayosaidia memori ikijaa, hatukuwa nayo. Kikundi kilipogusa 16, kerneli ilifanya ilichoagizwa: ilitafuta wa kuua ndani ya kikundi. Na huyo kwa kawaida si mwenye kosa, ni mnene kuliko wote. Aliyekuwa mnene ni wa hesabu. Waandishi wa libvirt wenyewe huonya juu ya mpaka mgumu wa memori kwa mashine za QEMU, kwamba ukikisia chini, mgeni anauawa. Onyo hilo nililisoma baadaye, kama wengi wetu.

Kuna mtego mwingine, na huu huwapata hata wanaotumia VMware, mfumo mwingine wa mashine pepe, ambako sinia huitwa hifadhi ya rasilimali. Mbali na mpaka, unaweza kutoa uzito, ili watu wakigombania, mzito apate zaidi. Huko kikundi cha juu hupewa hisa za prosesa 8000, cha kati 4000, cha chini 2000. Fundi anasema: mashine za maana nazitia kundi la juu, za majaribio la chini. Anatia 40 juu na 4 chini. Pigeni hesabu. Elfu nane kwa arobaini ni 200 kila moja. Elfu mbili kwa nne ni 500. Siku ya kugombania, mashine ya majaribio inapata mara mbili na nusu ya ile ya maana. Sinia kubwa la watu arobaini na sinia dogo la watu wanne, nani atashiba? Cpu.weight ya Linux ina tabia hiyo hiyo. Uzito ni wa sinia, si wa mlaji, na kila unapoongeza mgeni mmoja urudi kuupima upya.

Diski ina io.max yake, nayo kwa kikundi vilevile. Siingii huko leo.

Mzee mmoja pale mbele ameniuliza kabla hatujaanza: kwa nini msiwaambie wenye mashine wajizuie wenyewe? Mzee wangu, mgeni akiwa ndani haoni jirani zake. Anaona memori iliyo tupu, naye kazi yake ni kuitumia. Mpaka lazima ushikwe na mwenyeji, nje ya mashine, mahali ambapo hata mwenye nywila ya juu kabisa ndani ya mgeni hapafikii.

Na dada aliyeuliza mwishowe tulifanyaje: mpaka wa kikundi tuliupandisha ukawa 19, zile 3 za ziada ni za QEMU na vurugu zake. Kisha nikaweka kengele, memory.current, yaani memori inayotumika sasa, ikifika 17 napata ujumbe kwenye simu. Kila Jumatatu nasoma memory.events, mstari wa oom_kill, idadi ya waliouawa kwa kukosa memori. Umebaki 1 tangu asubuhi ile.