Kipindi cha 41: Elfu Ishirini ya Maji

Somoe: Haya, wapenzi, mmerudi kwetu. Leo nina mambo matano kuhusu bogenvilia, nimeyaandika kabisa kwenye daftari, kwa hiyo kaka Chande asinivuruge...

Chande: Kabla ya hayo matano, waambie kilichokukuta Jumanne.

Somoe: Tusianze na hilo.

Chande: Tuanze nalo, dada.

Somoe: Haya. Kelele zangu za nyumba ya Shangani mnazijua. Mwaka wa pili huu bogenvilia tatu kwenye ua, majani mpaka juu ya bati, ua hata moja hakuna.

Chande: Ua hauna ua.

Somoe: Ukirudia hiyo leo nakuua. Basi nikaitwa Masasi, mama anaumwa. Sasa hajambo, alhamdulillah. Nimekaa wiki tano. Nilimwachia kijana wa jirani elfu ishirini: ndoo mbili asubuhi, mbili jioni. Jumanne nashuka kwenye bajaji nadhani nimekosea geti. Zambarau, Chande! Bati halionekani. Nikamwita kijana nimpe na zawadi, namwona anaangalia chini. Kwenda kuiangalia ndoo, buibui ameshajenga ndani.

Chande: *(anacheka)* Hajamwagilia hata siku moja.

Somoe: Hata kikombe. Hela kala.

Chande: Na ndiyo maana umepata maua! Wewe ulikuwa unaishibisha maji, halafu juu yake mbolea ya kuku. Bogenvilia iliyoshiba inaota majani tu. Ikishashika mizizi, iache ione kiu. Mkorosho huo hapo, unatoa maua kiangazi hiki, nani anaumwagilia?

Somoe: Mkorosho unapigwa salfa.

Chande: Salfa ni ya ubwiriunga, ule ugonjwa wa ukungu, usinitoe kwenye mada. Kijana mwongezee elfu kumi.

Somoe: Nimwongezee?

Chande: Ulitaka maua, maua hayo.

Somoe: Nilimlipa maji, sikumlipa maua! Na zile mbili za kwenye sado kibarazani mbona huzitaji? Zimekufa. Ukizivunja zinalia ka! kama kuni. Sado ina udongo kiganja, ukikauka juu lazima umwagilie. Yeye alijua ipi inataka kiu na ipi haitaki?

Chande: Hakujua. Lakini asingekula hela, leo ungekuwa na majani.

Somoe: Na asingekula hela, ningekuwa na za kwenye sado.

*(Kimya.)*

Chande: Dada, hilo jina lenyewe. Mti kwao ni Amerika ya Kusini. Miaka ya 1760 meli za Ufaransa zinazunguka dunia, mtaalamu wa mimea, Philibert Commerson, anaukuta Brazili, anaupa jina la mkuu wa safari, Bougainville. Huyo mkuu alipanda nini? Alimwagilia nini? Na jina kapata.

Somoe: Umejichongea mwenyewe. Aliyembebea Commerson mizigo ni nani? Jeanne Baret, mwanamke, kavaa kiume ili apande meli. Kazi kafanya, mti ukapewa jina la bwana mkubwa. Wewe leo unataka kumlipa asiyefanya kazi mara mbili!

Chande: Namlipa aliyeleta matokeo.

Somoe: Kalala, Chande! Kalala, matokeo yakaja yenyewe.

Chande: Hebu nipe hicho kitawi ulichokuja nacho... Aa, mwiba!

Somoe: Pole. Kitazame vizuri. Hii zambarau si ua. Ni majani, matatu, yamegeuka rangi, membamba kama karatasi. Maua ni hivi vijirija vyeupe hapa katikati.

Chande: Kwa hiyo miaka miwili umelalamika una majani tu, na Jumanne umelilia majani.

Somoe: Ya rangi!

Chande: Mpe elfu tano, basi. Ya rangi.

Somoe: Simpi. Na yako ya ua hauna ua imeshachacha.

Chande: Elfu tano, dada, na mimi nachangia mbili.

Somoe: Toa yote wewe, si ndiye mjomba wake.

Chande: Mimi sikupata maua.

*(Adhana inasikika.)*

Somoe: Magharibi hiyo. Na daftari langu hata sijalifungua! Haraka haraka: kijiti cha kupanda kiwe kigumu, unene wa penseli. Maua yakiisha ndipo ukate matawi, kwa sababu yajayo yanatoka kwenye machipukizi mapya. La tatu...

Chande: La tatu tutalisema siku nyingine, nataka kuwahi sala ya jamaa.

Somoe: Haya. Na mwezi wa tisa sipo, narudi Masasi kumwangalia mama.

Chande: Nyumba unamwachia nani?

Somoe: Zima hiyo.

Chande: Unamwachia nani, dada?

Somoe: Chande, zima.