Unga wa Jumatano: Koko Mmoja wa Camp Saïo

PACIFIQUE: Jambo kwenu nyote mnaotusikiliza, mlioko Bukavu na mliotawanyika. Leo hatuna mgeni, kwa sababu tunayemzungumzia, koko yake Nsimire, yaani bibi yake, mke wa askari, tumeshamzika. Nsimire, pole tena, mdogo wangu.

NSIMIRE: Asante, yaya, mkubwa wangu. Ila niseme mapema, sikuja kulia hapa. Nimekuja kubishana. Kwenye kilio kila aliyeshika kipaza sauti alisema yale yale: "Mama huyu alimfuata mume wake kila mahali." Alimfuata, alimfuata. Kama mkia!

PACIFIQUE: Sasa si ndivyo? Soda, yaani askari, akihamishwa, mke anafunga vyombo.

NSIMIRE: Anafunga, ndiyo. Lakini mkifika huko? Babu alikuta kila kitu kimepangwa: kitanda, kofia, saa ya kuamka, nani wa kumpigia saluti. Koko alikuta nyumba tupu. Maji yako wapi, padri anakaa wapi, nani atamuazima sufuria leo usiku. Kila uhamisho alianzisha maisha upya, halafu watu wanasema alifuata.

PACIFIQUE: Haya, tuanzie mwanzo. Alizaliwa lini?

NSIMIRE: Kitambulisho kinasema "karibu 1938". Alibatizwa Nyangezi, kwa Wapadri Weupe, ile misheni iliyofunguliwa mwaka 1906. Ukimuuliza aliolewa lini, hataji mwaka. Alisema, "Mimi niliolewa kabla ya sambaza."

PACIFIQUE: Aaa! Vijana wetu hawalijui hilo. Wanafikiri sambaza, hawa samaki wetu wadogo, wamekuwa ziwani tangu Mungu aumbe Kivu. Waliletwa kutoka Tanganyika mwaka 1959.

NSIMIRE: Basi harusi yake ililiwa kwa maharagi. Babu alikuwa Force Publique, jeshi la wakoloni Wabelgiji. Wakati ule ukiandikishwa umejifunga miaka 7. Akampeleka Camp Saïo, hapa hapa Ibanda.

PACIFIQUE: Na jina hilo la Saïo limetoka Ethiopia. Mwaka 1941 askari wa Kongo waliwashinda Waitaliano huko, na jenerali wao akasalimu amri. Watu wanapita mbele ya kambi kila siku, hata hawaulizi.

NSIMIRE: Koko alijua, maana wazee wa kambi walisimulia bila kuchoka. Na kambini alikuta Lingala, lugha ya jeshi. Akajifunza. Basi sisi wajukuu tulizoea hivi: anasali kwa Mashi, lugha ya kwao, anapika kwa Kiswahili, anagomba kwa Lingala. Ukisikia Lingala jikoni, toka mbio.

PACIFIQUE: (anacheka) Alizaa wangapi?

NSIMIRE: Wanane. Wawili hakurudi nao. Mmoja amezikwa Kindu, mwingine Kamina, wote wadogo, wote surua. Na hapo ndipo hotuba za kilio ziliponikasirisha hasa. Mke wa askari anazika mtoto, kisha karatasi ya uhamisho inakuja, anaondoka. Kaburi linabaki kwa watu asiowajua.

PACIFIQUE: Hilo sikuwahi kulifikiria.

NSIMIRE: Yeye alilifikiria. Kindu alikuwa ameingia Legio ya Maria, chama cha sala cha wakatoliki. Alipohamishwa, aliacha ombi kwa mama mmoja wa Legio: kila Novemba, siku ya marehemu, mpalilie mtoto wangu. Kamina akafanya vile vile. Barua zikawa zinakuja. Tumezikuta ndani ya valizi yake, nyingine zimeandikwa na watoto wa shule kwa niaba ya mama asiyejua kuandika: "Tulienda, majani tuliyatoa, msalaba umepinda, tumeunyoosha." Miaka mingi hivyo. Sasa niambie, huyo ni mtu wa kufuata tu?

PACIFIQUE: Hapana. Nimekubali.

NSIMIRE: Usikubali haraka, kipindi kitaisha!

PACIFIQUE: Basi nipeleke kwenye vita. Mwaka 1967, mamluki wa Schramme, yule Mbelgiji, wameshika Bukavu, tangu Agosti mpaka mwanzo wa Novemba. Mke wa askari wa serikali alijificha wapi?

NSIMIRE: Alitoka kwa miguu na watoto mpaka Nyangezi kwao. Kichwani alibeba kichwa cha cherehani, meza yake ameiacha. Watu wanakimbia na magodoro, yeye na chuma. Alisema godoro halilishi mtu. Hayo mengine ya vita hakuyapenda kuyasimulia, na mimi sitayatengeneza.

PACIFIQUE: Sawa. Lakini ile ya majina lazima useme, ulinisimulia nikashindwa kulala.

NSIMIRE: Ya mwaka 1972! Nchi imekuwa Zaïre, jeshi linaitwa FAZ, Mobutu amekataza majina ya kikristo. Padri akikamatwa anambatiza mtoto kwa jina la kizungu, anatishiwa kifungo. Na koko ana mimba, na babu anakula mshahara wa Mobutu.

PACIFIQUE: Mtihani huo.

NSIMIRE: Shangazi akazaliwa. Kwenye karatasi za jeshi akaandikwa jina la kinyumbani tu. Kwenye kaye ya koko, daftari lake la Legio, ukurasa wa mwisho, kuna jina la mtakatifu, kwa penseli, dogo sana. Babu alijua, ila hakuwahi kuifungua ile kaye. Sijui kama ni heshima au ni woga.

PACIFIQUE: Na Noeli je? Maana tangu 1974 Noeli ilifanywa siku ya kazi.

NSIMIRE: Alimfungia babu chakula, akamsindikiza mlangoni, "kazi njema, ajida", kwa cheo chake cha jeshi, halafu akashika njia ya misa na watoto wote. Kwake hakukuwa na mgongano. Kila mtu alienda kwa mkubwa wake.

PACIFIQUE: Ngoja, hapo kwenye Legio. Wengine wanaotusikiliza si wakatoliki, au ni wakatoliki wa Pasaka tu kama mimi. Legio inafanya nini?

NSIMIRE: Ilianza Dublin mwaka 1921. Mnakutana kila wiki, mnasali rozari, kisha kila mtu anapewa kazi: mgonjwa fulani, mfungwa fulani, familia iliyoacha misa. Mnaenda wawili wawili. Wiki ijayo unasimama na kutoa ripoti. Vikundi vyenyewe vina majina ya jeshi la Warumi. Babu alikuwa akimtania, "Wewe umenipita cheo." Lakini kuna amri moja ngumu: mwanalegio hagawi msaada wa mali. Si unga, si pesa, si sabuni.

PACIFIQUE: Kwa nini? Unaenda kwa mgonjwa mikono mitupu?

NSIMIRE: Na mimi nilimuuliza hivyo, kwa ukali. Akanieleza vizuri. Ukija na unga, mtu anaangalia mkono wako, haangalii uso. Hatakwambia kinachomsumbua, atakwambia kinacholeta unga. Na jirani ambaye hukumpa atakuchukia, ripoti yako itakuwa magomvi. Alisema aliyeandika amri ile alikuwa na akili.

PACIFIQUE: Kwa hiyo aliishika.

NSIMIRE: Jumanne aliishika. Babu alipostaafu walihamia Kadutu, na Jumanne ilikuwa siku yake ya kutembelea, na mwenzake, na rozari. Jumatano anarudi kwenye nyumba ile ile peke yake, kama mtu wa shirika.

PACIFIQUE: Shirika la mtaa, la jirani kwa jirani.

NSIMIRE: Lile lile. Na shirika haligombezi unga. Nilikuwa nikimuangalia akiandaa. Kopo la maziwa, analijaza, anapitisha mgongo wa kisu juu, unaozidi unarudi kwenye mfuko. Hajazi kilima. Anamimina kwenye pembe ya kikwembe, yaani kitenge, anafunga fundo, anavaa kikwembe kingine juu. Ukikutana naye njiani unaona koko mnene kidogo upande mmoja.

PACIFIQUE: Huo si ujanja, Nsimire?

NSIMIRE: Padri mmoja alimuuliza hivyo hivyo. Akamjibu, "Padri, Jumanne ninaenda kwa amri. Jumatano ninaenda kwa miguu yangu." Padri akanyamaza. Mimi naona alishinda, ingawa mwenzake wa Legio hakufurahi. Waliacha kusemezana kwaresima nzima.

PACIFIQUE: Mwaka 1996 alikuwa Kadutu bado?

NSIMIRE: Alikuwepo. Askofu Mkuu wetu wa Bukavu, Munzihirwa, aliuawa tarehe 29 Oktoba, pale Nyawera. Mji ulikuwa unaanguka. Askari wa FAZ wanaiba, wanakimbia. Vijana wawili wakagonga kwake wanataka nguo za raia. Babu alikuwa ameshafariki. Aliwaambia kwa Lingala, bunduki zibaki nje. Akawapa suruali za marehemu. Majirani walimlaumu: hao ni wezi! Akasema, na mama zao je?

PACIFIQUE: Mimi ningefunga mlango.

NSIMIRE: Hata mimi. Simsifu kwa kila kitu. Nyumbani tulikuwa na njaa zetu, na yeye anapima unga wa watu. Mama yangu aligombana naye sana juu ya hilo, na sidhani mama alikosea.

PACIFIQUE: Na pensheni ya mjane? Nchi ilimkumbuka?

NSIMIRE: Alipeleka faili kwenye biro moja, ofisi ambayo sitaitaja. Wakataka cheti cha ndoa. Anacho, cha misheni, kizuri kabisa, chenye jina la ubatizo. Wakalinganisha na faili ya jeshi: humo ameandikwa jina la kinyumbani la 1972. Wakamwambia, mama, hawa ni wanawake wawili.

PACIFIQUE: Yesu!

NSIMIRE: Akawaambia, "Basi mlipeni mmoja." Hawakucheka. Alirudi, akarudi, akaacha. Faili iko hapo mpaka leo.

PACIFIQUE: Na Jumatano? Muda wetu umeisha karibu, lakini hilo wasikilizaji watauliza.

NSIMIRE: Shangazi ameichukua, yule wa jina la penseli. Kopo ni lile lile, kisu tumebadilisha. Ila amekataa kuingia Legio, anasema hataki kutoa ripoti kwa mtu.

PACIFIQUE: Kwa hiyo wale wagonjwa siku hizi hawasaliwi?

NSIMIRE: Wanasaliwa, ila kwa ufupi. Shangazi anasali amesimama mlangoni, maana yeye anajaza kopo mpaka kilima, na unga unamwagika.