Kila mchezaji na usingizi wake

Bandugu zangu makocha, na ninyi wachezaji mulioketi pale nyuma, asanteni kufika. Leo tuongee usingizi, na naanza na hii: kumwambia mchezaji "lala mapema" haitoshi, ni kama kugawia ekipe nzima viatu vya namba 42.

Mwaka 2011 kule Stanford, Marekani, Cheri Mah na wenzake walitoa matokeo ya wachezaji 11 wa basketi wa chuo, waliwaomba wakae kitandani masaa 10 ao zaidi kila usiku, wiki 5 mpaka 7, basi muda wa mbio zao ukashuka toka sekunde 16.2 mpaka 15.5 na mipira ya bure ikaingia zaidi kwa asilimia 9. Hakuna dawa pale, ni kulala tu!

Sasa leteni hiyo hapa Lubumbashi. Huyu analala komini ya Kenya, ukuta kwa ukuta na bar, muziki mpaka asubuhi. Yule wa komini ya Katuba, umeme unarudi katikati ya usiku, nyumba nzima inaamka, wengine wanapiga pasi wengine wanachaji telefone. Mwingine godoro moja na wadogo zake, mwingine ametoka kesha ya maombi. Mutawapa wote somo moja kweli? Wa bar umutafutie vizibo vya masikio, wa Katuba ongea na mama yake, maana pale mama ndiye anaamua, si kijana.

Kwa hiyo kaa na kila mmoja peke yake, si mbele ya wenzake, wataficha. Muulize analala wapi, na nani, anaamka saa ngapi, mangaribi anakunywa nini. Kafeini ya kinywaji cha nguvu, kisha kama masaa 5, nusu yake bado iko mwilini, lakini kuna mwenye haimusumbui na kuna mwenye atakodoa macho mpaka jogoo. Aandike kwenye kadaftari wiki mbili, hapo ndipo munaongea na kitu mkononi.

Na mechi za usiku pale uwanja wa Kamalondo, jamani, damu inachemka, hakuna anayesinzia haraka. Kesho yake musiwaite mazoezi alfajiri, sogezeni mchana, na aliyelala vibaya apate dakika 20 ao 30 za kusinzia kisha kula, zisifike jioni juu zitamunyima usiku unaofuata.